Elektroni Haigawanyiki, Mbona Kompyuta Yaandika 0.7?

Kila mwanafunzi wa kemia hufundishwa mapema kwamba elektroni haigawanyiki. Atomi yaweza kupoteza elektroni moja au mbili, yaweza pia kupokea moja au mbili, lakini haipotezi nusu wala haipokei robo. Juu ya msingi huo tumejenga habari za valensi na ayoni, pamoja na milinganyo yote tunayoiandika ubaoni. Hata hivyo, mtu aipapo kompyuta kazi ya kukokotoa molekuli ya naitriki oksaidi, yenye atomi moja ya naitrojeni na moja ya oksijeni, hupata jibu la kushangaza. Molekuli hii ina elektroni moja tu isiyo na mwenzi. Kompyuta nayo huandika kwamba takriban 0.7 ya elektroni hiyo ni ya naitrojeni, na takriban 0.3 ni ya oksijeni.

Je, elektroni imekatwa vipande? Je, programu imekosea? Au ni sisi tusiojua kuisoma karatasi ya majibu?

Swali hili si la mzaha. Siku hizi hesabu za kemia kwa kompyuta hutumika katika kutafuta dawa, kuchunguza vimeng'enya, na kubuni vichocheo na sumaku mpya. Baadhi ya programu zake hutolewa bure, na kwa molekuli ndogo zaweza kuendeshwa kwa kompyuta ya kawaida. Lakini mashine haimwelezi mtumiaji maana ya tarakimu inazozichapa. Anayekadiria kila desimali hadi namba kamili iliyo karibu aweza kutangaza kwamba chuma kilichomo katika kampaundi ni cha hali fulani, kumbe ni cha hali nyingine kabisa. Makala haya yaeleza desimali hizo zatoka wapi, lini zina maana, na lini ni dalili ya hesabu iliyoharibika.

SPINI NI NINI?

Mwaka 1922, mjini Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha mwali wa atomi za fedha katikati ya sumaku iliyoundwa ili uga wake usiwe na nguvu sawa kila mahali. Kwa kufuata fizikia ya zamani, atomi hizo zingetawanyika na kuacha doa pana lisilo na pengo. Badala yake mwali uligawanyika sehemu mbili. Mwaka 1925, huko Leiden, vijana wawili, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, walitoa wazo kwamba elektroni ina usumaku wake yenyewe, kana kwamba ni pia inayojizungusha. Tabia hiyo ndiyo iitwayo spini.

Mfano wa pia usichukuliwe kwa uzito mno, maana elektroni si kijipira kinachozunguka. Lililo muhimu ni kwamba spini ya elektroni ipimwapo kwa kufuata mwelekeo wowote, hutoa moja kati ya majibu mawili tu: juu au chini. Elektroni mbili zikikaa katika obitali moja, kanuni iliyotolewa na Wolfgang Pauli mwaka 1925 yazilazimisha moja iwe ya juu na nyingine ya chini, na usumaku wa moja hufuta ule wa mwenziwe. Elektroni isiyo na mwenzi, ambayo hapa tutaiita elektroni pweke, ndiyo hasa huifanya dutu ivutwe na sumaku. Oksijeni ni mfano maarufu. Ikipozwa hadi iwe kimiminika, kisha ikamiminwa kati ya ncha za sumaku yenye nguvu, hunasa hapo, kwa sababu kila molekuli yake ina elektroni pweke mbili.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua idadi ya elektroni zote za spini ya juu, utoe idadi ya zile za spini ya chini. Molekuli ya oksijeni ina elektroni 16. Kati ya hizo, 9 ni za juu na 7 ni za chini, basi ziada ni 2. Naitriki oksaidi ina elektroni 15, yaani 8 za juu na 7 za chini, basi ziada ni 1. Kwa molekuli nzima ziada hii ni namba kamili, na mtumiaji huiarifu kompyuta kabla ya kazi kuanza.

Hapa pana mtego wa kwanza. Katika vitabu, spini ya elektroni moja huandikwa 1/2. Lakini programu nyingi, zinapoorodhesha atomi moja moja, huchapa ziada ya elektroni za juu juu ya zile za chini, na kwa elektroni pweke moja ziada hiyo ni 1. Asiyetofautisha vipimo hivi viwili atapata jibu lililozidi mara mbili, au lililopungua kwa nusu. Katika makala haya tutatumia hesabu ya ziada: elektroni pweke moja ni 1, na elektroni pweke mbili ni 2.

MWEMBE ULIO MPAKANI

Sasa na tuifikirie familia mbili zenye mashamba yaliyopakana. Mpakani pameota mwembe. Shina liko juu ya mpaka wenyewe, na matawi yameenea pande zote mbili. Msimu ukifika, maembe huvunwa na kuhesabiwa, na jumla yake haina ubishi. Ubishi huanza pale wenye mashamba wanapouliza: fungu la kila mmoja ni lipi?

Mmoja aweza kusema, "Tugawane nusu kwa nusu." Mwingine aweza kusema, "Tuchore mstari, na kila tunda lichukuliwe na yule ambaye tawi lake liko upande wake." Wa tatu aweza kusema, "Tutazame rutuba ya kila shamba, na kila mtu apate kwa kadiri ya kile ambacho shamba lake lingezaa peke yake." Njia zote tatu zina mantiki, na zote zalinda jumla ile ile. Lakini mafungu yatatofautiana.

Hivyo ndivyo ilivyo katika molekuli. Elektroni haikai katika atomi moja kama punje katika kikombe. Imeenea kama wingu kuzunguka viini vyote, mahali pengine wingu likiwa zito, pengine likiwa jepesi. Kanuni za fizikia zatupatia wingu hilo na jumla yake. Hazituambii mpaka wa atomi uko wapi ndani ya molekuli, na mpaka huo hauna budi kuwekwa na binadamu.

Robert Mulliken wa Marekani, aliyepata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1966, alitoa mwaka 1955 njia ambayo bado hutumika sana: fungu la elektroni lililo la atomi mbili kwa pamoja hugawanywa nusu kwa nusu, bila kujali ni atomi ipi yenye mvuto mkubwa zaidi. Njia ya Per-Olov Löwdin wa Sweden huyapanga upya kwanza mafumbo ya kihisabati yanayoeleza obitali ili yasiingiliane, ndipo kuhesabu kuanze. Fred Hirshfeld, mwaka 1977, alipendekeza kwamba kila nukta ya wingu igawanywe kwa uwiano wa mawingu ambayo atomi hizo zingekuwa nayo kama zingekuwa huru, na hii ndiyo hoja ya yule jirani wa tatu. Richard Bader wa Kanada alitafuta mabonde ya wingu, yaani mahali ambapo uzito wake hupungua kati ya kiini na kiini, akaweka mpaka hapo. Huyu ndiye mchora mstari.

Kwa hiyo 0.7 ya naitrojeni haina maana kwamba kipande cha elektroni kimekatwa. Maana yake ni kwamba, kwa mgawanyo uliochaguliwa, takriban sehemu saba katika kumi za ziada ya spini zimeangukia eneo tuliloliita la naitrojeni. Chombo kikiitafuta elektroni kitaikuta nzima, lakini mara nyingi zaidi kitaikuta upande wa naitrojeni kuliko upande wa oksijeni. Katika hili elektroni yautofautiana na mwembe wetu: embe moja lina mahali pake hata kabla ya kutazamwa, hali wingu la elektroni ni la molekuli nzima.

Jambo moja zaidi lastahili kuangaliwa. Katika molekuli ya oksijeni, kila njia ya kugawa itatoa 1.0 kwa kila atomi. Si kwa sababu kila atomi ina elektroni yake pweke iliyofungiwa ndani, bali kwa sababu atomi hizo mbili ni sawa katika kila hali, na mbili zikigawanywa kwa haki kati ya ndugu wawili wanaofanana, kila mmoja hupata moja. Kumbe hata namba kamili si ushahidi kwamba elektroni imekaa mahali pamoja.

ATOMI YENYE DENI

Msomaji aliyeridhika na desimali atashtuka tena atakapokutana na alama ya kutoa. Na tuichukue radikali ya methili, yaani atomi moja ya kaboni iliyounganishwa na atomi tatu za haidrojeni. Ina elektroni 9: 5 za juu na 4 za chini. Elektroni pweke ni moja, na tungetazamia kaboni iwe na 1 na kila haidrojeni iwe na sifuri. Lakini kompyuta huipa kaboni zaidi ya 1, na kila haidrojeni hupewa namba ndogo iliyo hasi. Kwa mfano wa kufundishia, tuseme kila haidrojeni ina -0.06. Haidrojeni tatu zitakuwa na -0.18, na kaboni itakuwa na 1.18. Jumla ni 1, kama ipasavyo.

Atomi yawezaje kuwa na spini chini ya sifuri? Kumbuka kwamba tunahesabu ziada, yaani juu kutoa chini. Namba hasi maana yake ni kwamba katika eneo la atomi ile spini za chini zimezidi kidogo zile za juu. Sababu yake ni hii. Elektroni pweke ya kaboni ni ya spini ya juu. Elektroni zenye spini moja huepukana zaidi kuliko zenye spini tofauti, na kuepukana huko hupunguza msukumano wa chaji zao. Kwa hiyo, katika jozi inayounganisha kaboni na haidrojeni, ni nafuu kwa elektroni ya juu kusogea kidogo upande wa kaboni. Mwenziwe wa chini hubaki akielekea zaidi upande wa haidrojeni. Jozi haijavunjika, ila imepindana kidogo.

Ni kama daftari la mwenye duka. Mteja mmoja ana akiba iliyozidi, wengine watatu wana deni dogo kila mmoja, na bado jumla ya daftari yalingana na fedha iliyomo sandukuni.

JE, MAUMBILE YAKUBALI?

Mwanafunzi mwangalifu atasema: hizi zote ni hesabu za karatasini, je, kuna kipimo kinachoweza kuzishuhudia? Kipo. Mwaka 1944, mjini Kazan, Yevgeny Zavoisky aligundua kwamba elektroni pweke zikiwekwa ndani ya uga wa sumaku hufyonza mawimbi ya redio yenye marudio maalumu. Viini vya haidrojeni vilivyo jirani navyo ni sumaku ndogo, na huupasua mstari wa ufyonzaji kuwa mistari kadhaa. Umbali kati ya mistari hiyo hupimwa kwa gausi. Mwaka 1956 Harden McConnell alionyesha kwamba, katika radikali za aina hii, umbali huo wawiana na ziada ya spini ya kaboni iliyoishika haidrojeni ile.

Mwaka 1963 Richard Fessenden na Robert Schuler walichapisha vipimo vya radikali kadhaa. Katika methili, ambamo kaboni ni moja tu, umbali ulikuwa takriban gausi 23.0. Katika radikali ya alili, yenye kaboni tatu zilizofuatana, haidrojeni za kaboni mbili za mwisho zilitoa 13.9 na 14.8, wastani wake ukiwa karibu 14.4. Haidrojeni ya kaboni ya katikati ilitoa 4.1.

Sasa mwalimu aweza kuandika hesabu ubaoni. Elektroni pweke ya alili ni moja. Tukichora kwa kalamu miundo miwili ya vifungo iliyo maarufu vitabuni, elektroni hiyo hukaa nusu upande huu na nusu upande ule, na kaboni ya katikati hubaki na sifuri. Kipimo chasema nini? Tukigawa kwa 23.0, kila kaboni ya mwisho hupata 14.4 ÷ 23.0, yaani karibu 0.63. Kaboni ya katikati hupata 4.1 ÷ 23.0, yaani karibu 0.18. Tukijumlisha zote kama chanya:

0.63 + 0.63 + 0.18 = 1.44

Jumla hii haiwezekani, maana elektroni pweke ni moja tu. Lakini umbali wa mistari hutuonyesha ukubwa tu, hautuonyeshi alama. Tukiichukua kaboni ya katikati kuwa hasi:

0.63 + 0.63 - 0.18 = 1.08

Hapo tumeikaribia 1. Tofauti ndogo iliyobaki yatokana na kwamba kigawanyo cha 23.0 kilipatikana katika methili, nacho hakiwi kile kile hasa katika kila molekuli. Hivyo desimali, na hata alama ya kutoa, vimethibitishwa na chombo cha maabara. Kaboni ya katikati ambayo mchoro wa kalamu uliipa sifuri, kwa hakika ina spini ya chini iliyozidi.

Ushahidi mwingine watoka katika madini. Atomi huru ya chuma ina elektroni pweke nne, ya kobalti ina tatu, na ya nikeli ina mbili. Lakini tupimapo usumaku wa kipande kigumu cha kila metali, kisha tukagawanya kwa idadi ya atomi zake, twapata takriban 2.2 kwa chuma, 1.7 kwa kobalti na 0.6 kwa nikeli, kwa kipimo ambacho elektroni pweke moja huhesabiwa karibu 1. Hapa hakuna kompyuta ya kulaumiwa. Katika metali elektroni nyingi hazina atomi moja ya kudumu, bali husafiri katika fuwele nzima, na ziada ya spini yao yategemea jinsi zinavyojaza ngazi za nishati za fuwele hiyo. Mgawo wa kila atomi ni wastani, na wastani haulazimiki kuwa namba kamili.

MTEGO WA CHUMA

Tumeona kwamba desimali si kosa. Kosa laweza kuwa katika kuisoma, na mfano mzuri watoka tena katika chuma.

Ayoni ya chuma yenye chaji +3, katika hali ya spini kubwa, ina elektroni pweke 5. Yenye chaji +2, katika hali hiyo hiyo, ina 4. Tuseme mtafiti amekokotoa kampaundi ya chuma iliyozungukwa na oksijeni, na kompyuta imeandika 4.1 mbele ya atomi ya chuma. Kwa haraka atakadiria: 4.1 ni karibu na 4, basi chuma hiki ni cha +2. Kumbe kwa kawaida kinyume chake ndicho kweli. Katika kampaundi halisi sehemu ya wingu la spini humwagikia atomi jirani, hasa oksijeni, naitrojeni au salfa. Chuma cha +3 huandikiwa mara nyingi karibu na 4 na kidogo zaidi, na upungufu wake huonekana katika majirani. Chuma cha +2 huandikiwa chini ya 4. Aliyekadiria amekosea hali ya uoksidishaji, na mlinganyo wowote atakaoujenga juu ya jibu hilo utakuwa umeegemea ukuta uliopasuka.

Njia ya salama ni kulinganisha. Chukua kampaundi mbili ambazo hali ya chuma chake imekwisha kujulikana kwa vipimo vya maabara, moja ya +2 na moja ya +3. Zikokotoe kwa njia ile ile, kwa mgawanyo ule ule. Ndipo uitazame kampaundi yako inafanana na ipi. Namba moja ikisimama peke yake haisemi mengi, lakini ikiwekwa kando ya ndugu zake husema.

DALILI ZA HESABU ILIYOHARIBIKA

Pamoja na hayo, si kila desimali ni ya heri. Kuna kipimo kimoja ambacho programu nyingi hukichapa, nacho mtumiaji asikiruke: thamani ya spini ya molekuli nzima iliyopigwa kipeo cha pili. Kanuni yake ni S × (S + 1), ambapo S ni spini yote kwa kipimo cha vitabu, yaani nusu ya idadi ya elektroni pweke. Kwa elektroni pweke moja, S ni 1/2, na jibu ni 0.75. Kwa mbili, S ni 1, na jibu ni 2.00. Kwa tatu, S ni 3/2, na jibu ni 3.75.

Ikiwa molekuli yapaswa kuwa na elektroni pweke moja, na kompyuta yaandika 0.76, hakuna la kuhofia. Ikiandika 1.2, jibu limechanganyika na hali nyingine, kwa mfano ile yenye elektroni pweke tatu. Wataalamu huita jambo hilo uchafuzi wa spini. Desimali za atomi zilizotokana na jibu lililochafuka namna hiyo zisiaminiwe kabla hazijachunguzwa, hata zikiwa zimeandikwa kwa tarakimu sita baada ya nukta. Wingi wa tarakimu si wingi wa ukweli.

Dalili ya pili ni mafungu kuyumba. Badili njia ya kugawa, au ongeza mafumbo yanayoeleza obitali. Ikiwa naitrojeni ilikuwa na 0.70 nayo sasa ina 0.66, habari ni ile ile. Ikiwa atomi iliruka kutoka 0.7 hadi 0.2 hali nishati ya molekuli haikubadilika kwa kiasi cha kutajika, basi mgawanyo ndio ulioyumba. Njia ya Mulliken hasa ina udhaifu huo, kwa kuwa mafumbo mapana ya atomi moja huweza kufika hadi kwenye eneo la jirani, na maembe ya huku yakahesabiwa kule.

HABARI YA DAMU

Tumalize kwa mfano ambao kila mmoja wetu anao mwilini. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walipima usumaku wa damu. Waliona kwamba hemoglobini isiyo na oksijeni huvutwa na sumaku, kwa kuwa kila atomi yake ya chuma ina elektroni pweke nne. Hemoglobini iliyobeba oksijeni haivutwi kabisa. Oksijeni yenyewe ina elektroni pweke mbili, chuma kina nne, nao wakutanapo, ziada huwa sifuri!

Pauling alieleza kwamba elektroni zote zimepata wenzi, na chuma kimebaki cha +2. Mwaka 1964 Joseph Weiss alitoa maelezo mengine: chuma kimeiachia oksijeni elektroni moja, kikawa cha +3 cha spini ndogo, na oksijeni imekuwa supaoksaidi. Kila upande una elektroni pweke moja, lakini moja yaelekea juu na nyingine chini, na jumla bado ni sifuri.

Hesabu nyingi za kompyuta zilizoruhusu spini za juu na za chini zikae mahali tofauti zimetoa karibu +1 kwa chuma, na karibu -1 iliyogawanyika kati ya atomi mbili za oksijeni. Je, basi Weiss ameshinda? Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Katika hesabu za namna hiyo, kile kipimo cha S × (S + 1), ambacho kingekuwa sifuri, hutoka kikiwa kimezidi sifuri, na hiyo ni dalili kwamba kompyuta imetumia picha rahisi kueleza hali iliyo ngumu. Hesabu ni shahidi mmoja tu. Shahidi mwingine ni mtetemo wa atomi mbili za oksijeni. Katika gesi huru mtetemo huo ni takriban 1,556 kwa kila sentimita, na katika hemoglobini ni takriban 1,107, karibu na ule wa supaoksaidi. Mashahidi hawa wawili wameelekea upande mmoja, ingawa mjadala juu ya namna bora ya kuieleza hali hiyo umeendelea kwa miaka mingi. Ndivyo sayansi ifanyavyo: namba ya kompyuta hupewa kiti barazani pamoja na wenziwe, lakini haipewi kiti cha hakimu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mwalimu atakayetaka kulifikisha somo hili darasani aweza kuwaachia wanafunzi kanuni tano.

Kwanza, jumlisha. Ziada za spini za atomi zote zikijumlishwa hazina budi kutoa idadi ya elektroni pweke za molekuli. Zisipotoa, kuna atomi iliyosahauliwa au namba iliyonakiliwa vibaya.

Pili, taja njia ya kugawa. Kuandika "naitrojeni ina 0.7" bila kusema njia iliyotumika ni kama kutaja bei bila kutaja fedha za nchi gani.

Tatu, usiikadirie desimali hadi namba kamili ili kupata hali ya uoksidishaji. Linganisha na kampaundi zinazojulikana.

Nne, usiiogope alama ya kutoa, ila uitafutie sababu.

Tano, kagua thamani ya spini ya molekuli nzima kabla ya kuzitazama atomi moja moja, na pawapo na kipimo cha maabara, kisikilize.

Kwa mazoezi, mwanafunzi ajaribu swali hili. Radikali moja yenye elektroni pweke moja ina atomi nne. Kompyuta imeandika 0.82, 0.31, -0.09 na namba ya nne imefutika. Namba hiyo ni ngapi? Na kama chini ya ukurasa pameandikwa 0.752 kuwa thamani ya S × (S + 1), je, hesabu hii yaonekana safi au imechafuka? Atakayepata -0.04 na kueleza kwa nini 0.752 hapana la kuitilia shaka, huyo ameanza kuisoma karatasi ya kompyuta kama msomi. Elektroni bado haigawanyiki. Kilichogawanywa ni hesabu yake, na mgawaji ni sisi wenyewe.